Hiyo Namba Imegongwa na Nani?

Wiki tatu zilizopita niliweka video ya Datsun 1600 SSS nyekundu iliyopaki Buruburu, na kwa sauti kubwa nikasema ni orijino kila kitu mpaka injini. Nikasongeza simu karibu na bloku mkaona L16 na tarakimu zake. Nikafungua logbuku, tarakimu zikawa zilezile. Nikapiga makofi kama mjinga. Wasee mkaipenda, ikapita video zote nilizowahi kuweka mwaka huu.

Ilikuwa uongo. Si uongo wangu, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Ningenyamaza tu, maana hakuna aliyeniuliza. Shida ni kijana mmoja wa Umoja, ana kibanda cha kutengeneza simu, amekuwa akinifuata tangu nikiwa na watu mia mbili. Alikuwa ameanza kuchanga doo anunue hiyo gari. Mwenye gari alitaka laki sita na nusu. Kijana alikuwa na elfu themanini za kushika gari, na akanitumia meseji: "Bro, siendi na fundi, wewe ushaangalia." Hiyo meseji niliisoma nikiwa nimekaa Kariobangi Light Industries kando ya mzee ambaye dakika kumi kabla alikuwa amenivua nguo bila kunigusa.

Huyo mzee sisi humwita Guka. Amefungua injini tangu wakati Jogoo Road ilikuwa na magari ya kuhesabu. Nilikuwa nimeenda kumwonyesha video kwa majivuno, nikidhani atasema vizuri mjukuu wangu. Akaangalia mara moja, kimya. Akaniambia nirudishe nyuma.

"Simamisha hapo. Hiyo hedi imeandikwa nini?"

Nikakuza picha. U67.

"Gari ni ya mwaka gani?"

"Sabini, Guka."

"Na hiyo hedi ilizaliwa mwaka gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo mihula mitatu kabla karo ikatae na mimi nikaacha, na katika hiyo mihula mitatu hakuna siku nilishika bloku kwa mkono. Tulichora tu. Kwa hivyo hapa chini nawaandikia kile Guka alinifundisha, halafu niseme maoni yangu, na mkitaka kunirukia mnirukie baada ya kusoma.

Kwenye injini ya zamani kuna namba za aina mbili, na watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, huzichanganya. Kuna namba iliyovimba na kuna namba iliyogongwa.

Ukitaka kuelewa iliyovimba, usiende Japan, nenda tu pale Kariobangi uangalie venye sufuria hutengenezwa. Fundi ana umbo la sufuria, analibana kwenye mchanga, analitoa, linabaki shimo lenye sura yake, halafu anamwaga alumini iliyoyeyuka. Kama umbo lina alama yoyote, hata jina la fundi, hiyo alama itatokea kwenye kila sufuria atakayomwaga siku hiyo na kesho na mwaka ujao mpaka abadilishe umbo. Bloku ya injini nayo ilimwagwa hivyohivyo, ila ni chuma na kiwanda ni kikubwa. Hizo herufi na tarakimu zinazojitokeza nje kama kovu zilikuwa kwenye umbo. Kwa hivyo zinakuambia bloku au hedi ilitoka kwenye umbo gani. Haziwezi kukuambia ilitoka kwenye gari gani, kwa sababu kuna maelfu ya ndugu zake wenye kovu hilohilo mahali palepale.

Namba iliyogongwa ni kitu kingine. Hiyo huja baadaye, bloku ikishapoa na kukatwa sehemu zake ziwe laini. Mtu au mashine inachukua stempu ya chuma na kugonga, tarakimu moja moja. Inaingia ndani ya chuma badala ya kutokea nje. Hii ndiyo ya injini moja peke yake duniani, na ndiyo huandikwa kwenye logbuku.

Sasa rudi kwa Datsun. Nissan walikuwa na familia ya injini za L. Za silinda nne zenye mtaa huu unazijua ni L16 yenye 1595 cc, L18 yenye 1770 na L20B yenye 1952. Kwa macho ya mbali ni mapacha. Namba ya kugongwa kwenye hizi injini iko ubavuni mwa bloku upande wa kulia, juu karibu na pale hedi inakalia. Hedi nayo ina namba yake iliyovimba upande wa plagi. U67 ni hedi ya L20B, na L20B Nissan waliitoa katikati ya miaka ya 70. Gari ya 1970 haiwezi kuwa ilitoka kiwandani nayo, labda kama ilikuwa na mganga.

Lakini sikilizeni, na hapa ndipo nilimheshimu Guka zaidi. Mimi nilitaka kutoa video palepale na kuandika "feki". Akanizuia. Akasema hedi peke yake haimhukumu mtu, kwa sababu hedi za hii familia huingiliana. Mtu anaweza kuwa na bloku halali ya L16, hedi yake ikapinda kwa joto 1985, akatafuta nyingine Grogan akapata U67, akafunga, maisha yakaendelea. Hiyo si wizi, hiyo ni Nairobi. "Hedi inakupa swali," akasema. "Jibu liko kwa bloku."

Tukapanda matatu. Mzee wa miaka sabini na ushei, kofia, tochi ndogo na kipande cha chaki mfukoni.

Mwenye gari alitukaribisha poa, alijua nimeleta mtu wa kusifu zaidi. Guka hakuangalia namba kwanza. Aliangalia kimo. L20B ina pistoni inayosafiri milimita 86 ilhali L16 inasafiri 73.3, na kwa hiyo bloku yake ni ndefu kwenda juu, karibu sentimita mbili zaidi. Ukizoea moja, nyingine utaiona imenyoosha shingo. Kule kwake Guka ana bloku tupu ya L16 amekalia kama stuli kwa miaka, na nadhani matako yake yanajua kimo kuliko macho.

Halafu akawasha tochi, lakini hakuielekeza moja kwa moja kwenye namba. Aliilaza kando, mwanga ukapita juu ya chuma kama jua la saa kumi na mbili. Na hapo hata mimi nikaona. Sehemu iliyogongwa namba ilikuwa laini na inang'aa, ilhali chuma kingine cha kando yake kilikuwa na michirizi midogo sambamba, ile alama ya mashine ya kiwandani iliyokata huo uso. Kwenye namba hakukuwa na michirizi. Mtu alikuwa amepitisha grainda. Tarakimu zenyewe hazikukaa kwenye mstari mmoja, ya tatu ilikuwa imezama kuliko ya pili, na sita mbili zilikuwa na mikia tofauti. Na chini ya ile 1 ya L16, kama kivuli, kulikuwa na mkunjo wa 2.

Yaani L20B iliyobatizwa L16 ili ifanane na logbuku.

Sitasema jina la mwenye gari wala nitasema ni yeye aliyegonga, kwa sababu aliinunua na yeye miaka tisa iliyopita na uso wake ulibadilika rangi kama wangu. Sijui ni nani. Ndio maana ya kichwa cha hii posti.

Kuna watu watauliza, kwani hasara iko wapi? L20B ina nguvu kuliko L16, si ni faida? Kweli, na ningekuwa nataka gari ya kunifikisha Machakos na kurudi, ningechukua L20B bila kufikiri. Lakini Datsun 1600 SSS bei yake haipandi kwa sababu ya kufika Machakos. Bei yake inapanda kwa sababu Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari ya 1970 na hiyo modeli, na tangu siku hiyo kila 1600 SSS iliyobaki nchi hii, hata iliyokuwa ya mwalimu mkuu wa Murang'a, inauzwa kana kwamba ilikuwa kwenye matope ya Safari. Miaka iliyofuata Datsun wakaongeza moto: 240Z ikashinda 1971, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, halafu Mehta huyohuyo akachukua nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Watu wananunua hiyo historia. Ukimuuzia mtu historia, mpe iliyotokea. Tofauti ya bei kati ya hiyo gari ikiwa na injini yake ya kuzaliwa na ikiwa na injini ya kuazima ni pesa ambayo kijana wa kibanda cha simu anaitafuta mwaka mzima.

Hii si tabia yetu peke yetu, kabla hamjaanza "ni Wakenya tu." Marekani ndio baba wa huu mchezo. Kule wanasema gari ina namba zinazolingana, na Chevrolet ya miaka ya 60 ikiwa na namba zinazolingana bei inapaa juu ya ile isiyo nazo hata kama zote mbili zinanguruma sawa. Wamejifunza kusoma bloku kama vile sheikh anasoma. Nyuma ya bloku, pale inapoungana na giaboksi, kuna namba iliyovimba, na kuna tarehe iliyovimba: herufi moja ya mwezi, A ni Januari, B Februari mpaka L Desemba, halafu siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukiona C 12 9, hiyo bloku ilimwagwa tarehe 12 Machi, mwaka unaoishia na 9, labda 1969. Sasa mtu akikuambia hii ni injini ya kuzaliwa ya gari iliyotoka kiwandani Januari 1969, unamwuliza tu mtoto alizaliwaje kabla ya mimba.

Na hata wao iliyovimba haiwatoshi. Kuna bloku ya Chevrolet yenye namba 3970010 ambayo ilitumika kwa injini ya 302, ya 327 na ya 350. Umbo moja, injini tatu tofauti, kwa sababu tundu za silinda zina upana uleule na kinachobadilika ni kranki ndani. Ukinunua kwa kusoma nyuma peke yake unaweza kulipia 302 ya mbio upewe 350 ya kubeba nyasi. Lazima uje mbele upande wa kulia, chini ya hedi, uangalie kipande kilicholainishwa chenye namba zilizogongwa. Na kwa kuwa hapo ndipo pesa iko, hapo ndipo matapeli walipohamia. Wanasaga na kugonga upya. Wanunuzi wajanja nao wakajifunza kutafuta ile michirizi ya kiwandani, kama Guka na tochi yake. Tofauti ni kwamba wao wana vitabu vizima vya hizi namba, na sisi tuna Guka.

Hapa ndipo naingia kwenye maoni yangu, na najua mafundi wengine watanichukia.

Kubadilisha injini si dhambi. Nimechoka na wale wa mitandaoni wanaocheka Land Rover ya zamani yenye injini ya Toyota, au Corolla iliyotoka na 3K sasa inabeba 5K. Hizi gari zilibaki barabarani kwa sababu mtu aliamua zibaki. Spea hazikuwepo au zilikuwa bei ya shamba, mtu akafunga alichopata, watoto wakaenda shule. Kila mwaka kuna yale maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse, yako tangu 1970, na mimi huenda na hupenda, lakini zile gari zinazopanguswa kwa mswaki hazijawahi kunifundisha vile nchi hii iliendeshwa. Ile Corolla ya 5K imenifundisha. Ina bloku mbili kwenye maisha yake na kila moja ina sababu.

Dhambi ni kusaga. Kwa sababu ukibadilisha injini ukaacha namba yake, umeongeza ukurasa kwenye hadithi ya gari. Ukisaga ukagonga nyingine umechoma kitabu. Injini ya kwanza haijulikani ilienda wapi. Ya pili haijulikani ilitoka kwa nani. Na hapo kwa nani ndipo mambo huwa mazito, maana bloku iliyosagwa namba inaweza kuwa ya gari iliyoibwa Donholm usiku. Wewe uliyeinunua kwa roho safi ndiye utasimama polisi.

Na msidhani ukisaga imeisha. Stempu ikigongwa inabana chuma kuliko unavyoona, mpaka chini ya mchoro wenyewe. Ukisaga uso, kule chini chuma bado kimebanwa. Wachunguzi wanaweka kemikali ya asidi, ile sehemu iliyobanwa inaliwa tofauti na nyingine, na namba ya zamani inarudi kama mzimu. Sisi tuliona mkunjo wa 2 bila asidi kwa sababu aliyesaga alikuwa mvivu.

Jambo ambalo linaniuma ni kwamba hakukuwa na haja. Injini ikibadilishwa, unaenda NTSA, gari linakaguliwa, unaonyesha injini mpya ulivyoipata, namba inabadilishwa kwenye rekodi. Ni usumbufu, ni foleni, ni karatasi, sikatai. Kuna fundi aliniambia wazi kwamba mteja akisikia hiyo safari anasema "si ugonge tu." Elfu moja, mbili, stempu ziko, mchana mmoja. Nikamuuliza kama amewahi kugonga. Akaangalia ndege. Mimi sisemi huyo fundi ni mwizi. Nasema mtu anayemlipa agonge anajua anachokifanya, na wengi wao wanakaa mbali sana na Kariobangi na wanavaa viatu safi.

Tuzungumze kidogo juu ya vyuma vikuukuu, kwa sababu hii ndiyo hasara ambayo hakuna mtu anaifanyia video.

Wakati Guka alinifundisha namba zilizovimba, alinipeleka nyuma ya karakana moja ambapo kulikuwa na rundo la bloku zinazongoja kuuzwa kwa kilo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu baada ya nguzo za stima kuhujumiwa, na Mei ikaruhusu tena, na tangu hapo mikokoteni imerudi kama haikuwa imeondoka. Sina shida na watu wa mikokoteni, wanafanya kazi ngumu kuliko yangu. Lakini kwenye hilo rundo, chini ya mafuta na vumbi, Guka alifuta bloku moja kwa kidole na ikatokea 711M.

Kama hujui, tulia. 711M ni bloku ya Ford ya ile familia ya Kent, zile injini zilizokuwa kwenye Escort na Cortina. Ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 70, na watu wa mbio wanaitafuta kuliko zile za kabla yake kwa sababu ni imara zaidi: kuta nene na vifuniko vya kranki vyenye mraba vilivyoshiba. Namba ndefu inaendelea na 6015, ambayo kwa Ford ni namba ya kitu kinachoitwa bloku ya silinda, kwa hivyo ukiona 6015 popote kwenye chuma cha zamani cha Ford unajua angalau umeshika nini. Kuna watu Uingereza wanaorudisha Escort za zamani wangebusu hiyo bloku. Hapa ilikuwa inaenda kuyeyushwa iwe vyuma vya ujenzi. Hedi za alumini ndizo huanza kwenda, zinageuka sufuria, na huenda chai uliyokunywa leo asubuhi ilichemshiwa ndani ya Datsun.

Tuliinunua kwa bei ya kilo. Iko kwa Guka, karibu na stuli.

Sasa mnataka kujua vile mtu anaangalia, maana inboksi imejaa hilo swali. Siwezi kuwafanya muwe Guka kwa posti moja, lakini mambo machache nayajua sasa. Usianze na grainda wala msasa, tafadhali. Mafuta ya taa na brashi, ya waya kama uchafu umeganda, lakini kwenye namba zilizogongwa tumia ya plastiki na subira. Kwa zilizovimba pitisha chaki kwa ubapa, juu panakuwa peupe na chini panabaki peusi, namba inasomeka hata kwa bibi yako. Kwa zilizogongwa laza tochi kando, au weka karatasi juu na usugue penseli kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu darasa la tatu. Piga picha kabla ya kugusa kitu. Na usisome unachotaka kusoma. Mimi nilikuwa nataka L16, nikaona L16.

Kila gari ina mahali pake, kwa hivyo tafuta pa kwako kabla ya kwenda. Mwenye Beetle, hiyo namba iko kwenye bloku chini ya stendi ya dainamo, na herufi inayotangulia inasema mengi: D ni ile 1200 ya farasi 34, H ni 1500. Kama umeuziwa 1500 na unaona D, mrudie muuzaji na umwulize polepole. Mwenye Datsun 1200 au 120Y, injini zenu ni familia ya A, A12 ina 1171 cc, na A14 na A15 zina bloku ndefu zaidi kwenda juu, milimita 15, kwa hivyo hata huko kimo kinaongea kabla ya namba.

Halafu ulinganishe vitu vitatu, si kimoja. Namba iliyogongwa na logbuku, sawa, lakini pia namba iliyovimba na mwaka wa gari, na pia uso wenyewe wa chuma. Mimi nililinganisha kimoja tu na kikafanana, kwa sababu mtu alikuwa ametengeneza hicho kimoja kifanane. Tapeli anajua unaangalia wapi. Hajui kama unajua hedi ilizaliwa mwaka gani.

Kuna mtu atasema nimeharibia mwenye gari biashara. Alinipigia mwenyewe, usiku ule, akiwa na hasira na haki yake. Akaniambia nitoe video. Nikamwambia nitatoa ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa uongo, lakini nitaandika kwa nini, na jina lake halitatokea, wala namba ya usajili. Akanyamaza muda mrefu. Akauliza kitu ambacho sikutarajia: kama Guka anaweza kumsaidia kujua L20B ilitoka kwa gari gani. Guka alisema bila namba ya kwanza hawezi, na kwamba hilo swali lilipaswa kuulizwa miaka tisa iliyopita na mtu mwenye tochi.

Kijana wa Umoja hakutuma zile elfu themanini. Nilimpigia badala ya kuandika, maana hayo si mambo ya meseji. Akacheka kwanza, halafu akanitusi kidogo, ya kirafiki, halafu akauliza kama gari bado inauzwa. Anaitaka. Anasema L20B iko poa na yeye hakuwa ananunua kwa ajili ya Concours. Lakini anataka bei ya gari yenye injini ya kuazima, na anataka muuzaji ndiye apeleke hiyo injini ikaguliwe na aeleze hiyo namba kwanza, kabla shilingi haijatoka mfukoni. Sijui kama mwenye gari atakubali. Wanakutana Alhamisi, na Guka amesema atakuja kama nauli ni juu yangu.